Susi Susanti, mtoto aliyeombwa karatasi

Juma lililopita tuliongea juu ya madeni ya likelemba, na wengi mlitufikishia mawazo yenu. Tunawashukuru. Leo tunaomba turudi kidogo masomoni, maana kuna neno lililosemwa mbele yetu wakati wa mapumziko, na mpaka leo linatukaa moyoni.

Mzazi mmoja alikuwa ametuletea raketi mbili na vinyoya vitatu toka Lubumbashi. Ni ule mchezo wa mpira wa vinyoya, ambao masomoni tunauita badmintoni. Wasichana wa mwaka wa sita walifunga kamba ya kuanikia nguo kati ya miembe miwili, wakaanza kupigiana kinyoya juu yake, kila mmoja kwa zamu. Zamu ilipofika kwa msichana mmoja, mwenzake akakatalia raketi. Akasema: "Wewe si wa hapa. Mama yako ni wa Kasai. Ngoja wenyewe wamalize kwanza."

Mtoto hakulia. Aliweka mikono nyuma, akaenda kukaa kwenye baraza ya darasa. Sisi tuliokuwa tukisimamia uwanja tulisikia neno lile vizuri, na tulichofanya ni kupiga kengele kabla ya saa yake. Tunasema wazi kwamba kosa hilo ni letu. Tuliuvunja mchezo, lakini neno lenyewe tuliliacha palepale chini ya miembe.

Jioni mama yake alifika kwetu lupangoni. Hakuja kugombana. Alikaa, akanywa maji, akasema: "Mwalimu, mtoto ameniuliza kwetu ni wapi. Mimi nimezaliwa Kikula. Nimjibu nini?"

Tulikosa la kumjibu. Lakini usiku ule, kwa sababu ya raketi zile, tulikumbuka habari ya mwanamke mmoja wa Indonesia aliyekuwa bingwa wa mchezo huohuo, na ambaye nchi yake ilichelewa kumjibu swali kama lile. Anaitwa Susi Susanti. Tuliamua kuwasimulia watoto habari zake, na leo tunawaletea ninyi pia.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa wale wasioujua. Watu wawili wanasimama huku na huku ya wavu, na wanapigiana kinyoya bila kukiacha kianguke chini. Kinyoya hicho si mpira. Ni manyoya 16, mara nyingi ya bata bukini, yaliyochomekwa kwenye kizibo kidogo, na chote kina uzito wa gramu tano hivi. Ni chepesi kiasi kwamba upepo unakichukua, ndiyo maana wakubwa wanachezea ndani ya nyumba. Lakini mwenye nguvu akikipiga, kinaondoka mbio kuliko gari lolote mnaloliona kwenye barabara ya Lubumbashi. Huku kwetu Afrika mchezo huu haujaenea sana, ingawa jirani zetu wa Uganda walimpeleka Edwin Ekiring kwenye michezo ya Olimpiki ya Beijing 2008 na ya London 2012, na dada yao Ritah Asiimwe alicheza Tokyo katika Olimpiki ya walemavu. Kule Indonesia, mpira wa vinyoya unapendwa kama sisi tunavyopenda mpira wa miguu. Watoto wanaucheza vichochoroni, na taifa zima linakaa mbele ya televisheni siku ya fainali.

Susi alizaliwa tarehe 11 mwezi wa pili 1971 huko Tasikmalaya, mji wa Java ya Magharibi. Si mji mkuu, ni mji wa mkoa kama wetu. Mjomba wake alikuwa na kilabu cha mchezo huo, na mtoto alianza pale akiwa mdogo sana. Wazazi wake walimwacha acheze, walimsindikiza, walimngoja. Alijifunza kwa mjomba miaka saba hivi.

Mwaka 1985, akiwa na miaka 14, akaondoka nyumbani kwenda Jakarta kukaa bweni na kusoma kwenye masomo ya watoto wa michezo. Wamama, tusimame hapa kidogo. Miaka 14 ni umri wa wale wasichana tunaowatuma sokoni na kuwaambia warudi kabla ya giza. Mama yake alimpa ruhusa aende mji mkubwa, ambako asingemwona kila siku. Na kule maisha hayakuwa ya starehe. Alifanya mazoezi siku sita kwa juma, masaa manne asubuhi na masaa manne tena kuanzia mchana mpaka jioni. Chakula kilikuwa na sheria, usingizi ulikuwa na sheria. Viatu vya kisigino kirefu vilikatazwa, asije akateguka mguu. Kutembea madukani ilikuwa siku ya Mungu tu.

Mmoja wa walimu wake wa mchezo alikuwa mwanamke, Liang Qiuxia. Huyu naye alikuwa na safari ndefu. Alizaliwa Indonesia katika familia ya asili ya Kichina, akaenda China akiwa kijana, akaichezea China, kisha akarudi Indonesia kufundisha. Mtakumbuka jina hilo tutakapofika mbele.

Susi hakuwa mrefu, na hakuwa na nguvu ya kuvunja mtu kwa pigo moja. Nguvu yake ilikuwa kurudisha. Ukimpigia kinyoya mbali, anakimbia anakirudisha. Ukimpigia karibu na wavu, anatandaza miguu mpaka anakaribia kukaa chini, na bado anakirudisha. Watu wengi walimjua kwa miguu ile iliyotandazwa. Mpinzani wake alijikuta anapiga pigo lilelile mara ishirini, mara thelathini, na mwishowe ni yeye mwenyewe anayekosea.

Mwaka 1989, Jakarta, lilichezwa kwa mara ya kwanza Kombe la Sudirman, mashindano ya timu zenye wanaume na wanawake pamoja. Katika fainali Indonesia ilikutana na Korea Kusini, na Wakorea walishinda michezo miwili ya kwanza. Walibakiza mmoja tu wachukue kombe. Akaingia Susi, msichana wa miaka 18. Seti ya kwanza akashindwa 10 kwa 12. Seti ya pili, Mkorea alibakiza pointi moja tu amalize kila kitu. Susi akarudisha, akarudisha, akashinda seti ile 12 kwa 10. Seti ya tatu akashinda 11 kwa sifuri. Wenzake wakapata moyo, wakashinda michezo miwili iliyobaki, na kombe likabaki Jakarta.

Baada ya hapo ushindi ulifuatana. Mashindano ya zamani kuliko yote, yanayochezwa Uingereza na kuitwa All England, aliyashinda mara nne: 1990, 1991, 1993 na 1994. Mwaka 1993 akawa bingwa wa dunia huko Birmingham. Mwaka 1994 yeye na wenzake walirudisha nyumbani Kombe la Uber, kombe la timu za wanawake, ambalo Indonesia haikulishika tangu 1975. Katika fainali hiyo dhidi ya China, aliyemaliza kazi alikuwa Mia Audina, mtoto wa miaka 14. Susi alikuwa dada mkubwa wa timu. Mwaka 1996 wakalishinda kombe hilo tena.

Lakini siku inayokumbukwa kuliko zote ni tarehe 4 mwezi wa nane 1992, Barcelona. Ilikuwa mara ya kwanza mpira wa vinyoya kushindaniwa medali katika Olimpiki. Indonesia ilikuwa ikienda Olimpiki tangu 1952, miaka arobaini, na haikuwahi kupata dhahabu hata moja. Medali yake ya kwanza kabisa, ya fedha, ilikuwa imeletwa mwaka 1988 na wanawake watatu wapiga upinde. Katika fainali Susi alikutana na Bang Soo-hyun wa Korea Kusini. Alipoteza seti ya kwanza 5 kwa 11. Seti ya pili akashinda 11 kwa 5, na ya tatu 11 kwa 3. Siku hiyohiyo Alan Budikusuma, kijana waliyependana, akashinda dhahabu ya wanaume. Bendera ya Indonesia ilipanda, wimbo wa taifa ukapigwa, na Susi akalia mbele ya dunia nzima. Waliporudi Jakarta, watu walijaa barabarani kuwapokea.

Mwaka 1996 huko Atlanta dhahabu ilikwenda kwa yule Bang aliyekuwa ameshindwa Barcelona, na Susi akapata shaba. Mwaka 1997 akaolewa na Alan. Mwaka 1998, akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza, akaacha kushindana. Baadaye yeye na mume wake wakaanzisha kiwanda cha raketi, wakalea watoto watatu, na mwaka 2004 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya shirikisho la dunia la mchezo huo.

Sasa tufike kwenye karatasi.

Susi na Alan wote wawili ni wa asili ya Kichina. Wachina walifika Indonesia vizazi vingi vilivyopita, kwa biashara na kwa kazi. Watoto na wajukuu walizaliwa pale, wakaongea lugha ya pale, wakazikwa pale. Hata hivyo, wakati wa utawala wa Suharto serikali iliwabana. Walisukumwa waache majina ya Kichina na kuchukua ya Kiindonesia. Na kwa mambo mengi, kama pasipoti, ndoa au kuandikisha mtoto masomoni, ofisi iliwadai karatasi moja ya pekee ya kuthibitisha kwamba wao ni raia. Jirani yake wa kabila lingine hakuombwa karatasi hiyo. Yeye aliombwa, hata kama baba na babu walizaliwa mtaa uleule.

Mabingwa nao hawakuachwa. Filamu iliyotengenezwa mwaka 2019 juu ya maisha ya Susi inaonyesha shida hiyo. Hendrawan, aliyeileta medali ya fedha kutoka Sydney 2000 na akawa bingwa wa dunia 2001, bado alikuwa akihangaika na uraia wake mwaka 2002, mpaka rais Megawati alipoingilia kati. Mwaka uleule, ni Hendrawan aliyeshinda mchezo wa mwisho ulioipa Indonesia Kombe la Thomas, kombe la timu za wanaume. Kocha Tong Sinfu, aliyemfundisha Alan, aliomba uraia akanyimwa, ingawa alizaliwa Indonesia. Mwaka 1998 akarudi China. Huko akafundisha vijana ambao baadaye waliwashinda Waindonesia. Hasara hiyo Indonesia ilijitafutia yenyewe.

Na mwezi wa tano mwaka huo wa 1998, uchumi ulipoanguka, hasira ya watu iligeukia Wachina. Jakarta iliungua. Maduka na nyumba zao zilivunjwa na kuchomwa, wanawake wao walitendewa maovu tusiyoweza kuyaandika hapa, na watu zaidi ya elfu moja walikufa. Siku zile timu ya taifa, pamoja na Susi, ilikuwa Hong Kong kwenye mashindano ya Kombe la Thomas na la Uber. Wafikirieni wachezaji wale: umevaa nguo yenye jina la nchi, na unapiga simu nyumbani kujua kama wazazi wako wako hai. Walicheza. Na wanaume wakalishinda Kombe la Thomas, wakalipeleka katika nchi ileile.

Tulipofika hapa katika kujikumbusha habari hii, tulisimama. Maana mwaka 1992, mwaka ule Susi alipolia Barcelona, mama zetu wa Likasi hawawezi kuusahau.

Sisi tunaoandika tulikuwa wadogo sana, wengine hatukuwa tumezaliwa. Lakini tumesikia kwa mama zetu. Familia za asili ya Kasai, ambazo babu zao waliletwa hapa na Union Minière na kampuni ya reli kufanya kazi, zilifukuzwa katika nyumba zao. Waliotoa amri walikuwa wanasiasa, lakini waliogonga milango mara nyingi walikuwa majirani. Watu walijaa gare. Walilala chini, kando ya reli, na watoto na masufuria yao, wakingoja treni, wengine kwa miezi. Wengi walikufa pale kwa magonjwa na kwa njaa, hasa watoto. Wengine walifika Kasai, nchi ambayo hawakuwahi kuiona na macho. Wengine walibaki, au walirudi baadaye, na leo tunakaa nao kikao kimoja.

Yule mama aliyekuja lupangoni alikuwa mmoja wa watoto waliolala gare. Hatukujua mpaka jioni ile. Tumeketi naye katika kikundi miaka mingi, tumekula bukari pamoja kwenye matanga na kwenye arusi, na hakuwahi kusema. Ametupa ruhusa ya kuandika, bila jina lake.

Tulimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Nilifikiri nikinyamaza, mtoto wangu hatasikia neno lile." Lakini mtoto amelisikia, na amelisikia kwetu masomoni, toka kwa mtoto ambaye hakuwepo 1992. Basi yule naye amelitoa wapi? Wamama, tuseme ukweli. Amelitoa kwenye mbabula, jioni, tunapopika na kuongea. Amelitoa kwenye "wale watu" na "hawa wa kuja" tunavyosema bila kufikiri, wakati mtoto amekaa pembeni anamenya viazi.

Jumatatu tuliwasimulia watoto habari ya Susi, toka kilabu cha mjomba mpaka Barcelona. Walishangilia ile 11 kwa sifuri. Kisha tukawaambia habari ya karatasi. Kukawa kimya kidogo. Yule msichana aliyekatalia raketi aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, kama alikuwa wa kwao, kwa nini alilia wakati wa wimbo?" Tulimwambia afikirie, atuletee jibu. Bado hajalileta, na hatumsukumi. Siku iliyofuata tulibandika ukutani orodha ya zamu za raketi, majina yote kwa alfabeti, na tukamwomba msamaha mbele ya wote yule mtoto ambaye tulimpigia kengele badala ya kumtetea.

Mama yake naye amemjibu mtoto swali lake. Alimwambia: "Babu yako alitoka Kasai kuja kufanya kazi hapa. Mimi nimezaliwa Kikula. Wewe umezaliwa Kikula. Yote matatu ni kweli, usifiche hata moja." Sisi walimu hatukuwa na jibu zuri kuliko hilo.

Watu wengi wanamsifu Susi kwa uvumilivu, na wanawake tunapenda kuambiwa tuvumilie. Lakini uvumilivu wake haukuwa kukaa kimya. Kila kinyoya kilichokuja upande wake alikirudisha. Neno baya likija kwa mtoto wako, au likitoka kinywani mwa mtoto wako, lirudishe siku hiyohiyo, kwa upole na bila kuchoka. Sisi tulingoja mpaka jioni, na mtoto alikuwa amekaa barazani peke yake mchana mzima.

Na kwa mama mwenye karatasi za mtoto, tuongeze neno moja la kazi. Mwandikishe mtoto serikalini ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, na kitendo chake cha kuzaliwa ukiweke pakavu, pamoja na kadi ya chanjo. Indonesia ilitunga sheria mpya ya uraia mwaka 2006, lakini watu wengi walikuwa wameteseka kabla yake. Mtoto asiye na karatasi ni rahisi kumwuliza ametoka wapi.

Maswali ya kikao cha juma hili:

1. Katika nyumba yako, ni maneno gani mnayosema juu ya watu wa kabila lingine mbele ya watoto? Nani wa kwanza atayaacha?

2. Kama binti yako wa miaka 14 ana kipaji, ungemruhusu aende mbali? Ungetaka kuona nini kwanza: bweni, mlinzi, masomo?

3. Katika kikundi chetu, kuna mwenzetu ambaye hatujawahi kumwuliza habari zake za 1992? Je, yuko tayari kuulizwa? Asiye tayari tumwache kwa amani.

Mtuletee majibu kabla ya Ijumaa. Na mwenye kinyoya cha ziada nyumbani asisahau watoto wetu, maana viwili kati ya vile vitatu vimeshanaswa juu ya mwembe.

Mbaki salama.